Kumi na Mbili, Tosha Munane

Naandika haya kwa Kiswahili cha vitabu, na hilo peke yake linaniudhi. Nyumbani kwetu, katika mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, hakuna anayesema hivi. Mimi nilikipata kwa masista walionifundisha kushona, na leo nakitumia ili msomaji wa mbali asipotee njiani. Lakini watu wetu watakapofungua mdomo nitawaacha waseme wanavyosema, na asiyependa afunge kitabu.

Yote yalianza na mgomo wa walimu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi, anaingia mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kila asubuhi alivaa shati jeupe na sketi ya buluu, akaenda hadi getini pa shule, akarudi. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ndipo redio ya umma ikaanza kutoa masomo ya watoto, saa tatu asubuhi, kila siku ya kazi. Wakati ule niliisifu redio ile kwa kila mteja aliyeleta kitambaa. Nilisema, hawa angalau wanatufikiria. Leo nikikumbuka sifa zile najisonya mwenyewe.

Mwanafunzi wao hodari kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi. Alizaliwa upande wa Mitwaba, akaja mjini kuolewa na baba yangu aliyekuwa mtu wa reli, na hajawahi kukalia benchi la shule hata siku moja. Redio ni yake. Betri zikichoka anazianika juani juu ya ukuta, anazirudisha, zinasema siku mbili zaidi. Saa tatu kasoro anaiweka juu ya kigoda uani, anamketisha mjukuu wake kando, na katikati yao anaweka ungo wenye punje za mahindi za kuhesabia.

Mwalimu wa redio alikuwa na desturi moja. Akishauliza swali alisema, "Jibu sasa," halafu akanyamaza kidogo ili watoto wajibu huko waliko. Mama yangu aliamini kimya kile ni chake. Alijibu kwa sauti, tena kabla ya mtoto, na mwalimu alipotaja jibu lilelile, mama alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Redio inanisikia," aliniambia. "Unaona vile inangoya nijibu?"

Sikumkatalia. Ningemkatalia ya nini?

Mwalimu akisema "kumi ondoa tatu", mama alimgeukia mtoto na kumweleza: "Kuondoa, njo kutosha. Tosha tatu mu kumi." Mtoto anatoa punje tatu, anazisogeza pembeni, wanahesabu zilizobaki: moya, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba. Kwetu kutosha ni kutoa kitu pale kilipo. Tosha viatu mlangoni. Tosha sufuria motoni. Tosha mkono mfukoni unaposalimia watu wakubwa. Na kitu kikiwa cha kadiri ya haja, hatusemi kimetosha, tunasema kimeenea. Bukari, ugali wetu, imeenea, watoto wameshiba. Nimekua na maneno hayo, na sijawahi kulala njaa kwa sababu ya kuyachanganya.

Binti yangu alishika hesabu. Yule mtoto ambaye darasani alikaa nyuma na kujibu kwa kunong'ona, sasa alikuwa anaijibu redio kwa sauti ya kusikika barabarani. Shule zilipofunguliwa, mwalimu wake alishangaa. Na redio ilipotangaza siku ya familia, na mashindano ya watoto kumi kutoka shule kumi, shule yetu ilimtuma yeye. Watatu wa kwanza wangechukuliwa kuwa sauti za watoto kwenye masomo yenyewe, kila Jumamosi. Yaani yeye ndiye angesema, "Jibu sasa." Hakutaka kitu kingine. Alijizoeza chooni, alijizoeza akichota maji. Usiku nilimsikia akisema usingizini.

Siku yenyewe ilifanyika katika uwanja wa shule moja hapa mtaani. Waliweka mahema mawili. Hema la mbele lilikuwa la wakubwa, lenye viti vya kitambaa na chupa za maji. Hema la nyuma lilikuwa la familia, ingawa siku iliitwa ya familia, na sisi wa hema lile tuliona migongo ya wakubwa kuliko tulivyoona watoto wetu. Hotuba tatu zilisomwa kwa Kifaransa. Mama yangu alivaa kitenge chake cha ubatizo wa mjukuu, akakaa wima saa nzima bila kuelewa neno, akisubiri redio iseme naye.

Mtangazaji ni mtoto wa hapa. Alikulia mtaa wa pili kutoka kwetu, mama yake aliuza mboga za matembele mbele ya kanisa, na mimi nilimpunguzia suruali yake ya kwanza ya kazi. Siku ile alipanda jukwaani na Kiswahili ambacho hakikuwahi kupita mtaani kwetu. Alisema "wapendwa watazamaji na wasikilizaji" na shingo imenyooka. Nikajiambia, mwache, ni kazi yake.

Binti yangu alikuwa wa saba. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mtangazaji akasoma kwenye karatasi yake:

"Mama ana mayai kumi na mawili. Nyumbani kuna watu wanane. Kila mtu atakula yai moja. Je, mayai yatatosha?"

Mtoto hakusita hata kidogo. "Batatosha munane," akasema, "itabakia ine."

Wewe unayesoma, piga hesabu mwenyewe. Mayai kumi na mawili, yakatolewa manane, yakabaki manne. Kuna kosa gani hapo? Alijibu lililoulizwa na ambalo halikuulizwa.

Mtangazaji aliangalia karatasi, akaangalia hema la wakubwa, akatabasamu.

"Mwanangu, nimeuliza kama yatatosha. Sikuuliza nani anamtosha nani. Na hiyo 'munane' ni hesabu ya wapi? Jibu ni ndiyo. Pole sana."

Hema la mbele likacheka. Kisha la nyuma nalo likacheka, watu wetu wenyewe, ambao wote bila kubakiza mmoja wangejibu vilevile. Na nitasema hata hili, maana nataka kusema kweli: mimi pia nilicheka. Kicheko kidogo cha aibu, ili jirani asifikiri nimeumia. Mwanangu alikuwa akinitazama mimi, si mtangazaji. Aliniona.

Mama yangu peke yake hakucheka. "Lakini alijibu muzuri," alisema. Akarudia kwa mwanamke wa mbele, akamgusa bega. "Mama, ule mutoto alijibu muzuri." Mwanamke yule hakugeuka.

Walimpa daftari na soda, kama walivyowapa wote walioshindwa. Njiani hakunywa ile soda, aliibeba tu.

Jumatatu saa tatu kasoro shule ilikuwa imefungwa tena kwa mgomo, na mama akaweka redio juu ya kigoda, akaweka ungo. Mtoto alikuja, akasimama mbali.

"Nkambo," akamwambia, na nkambo ndivyo tunavyomwita bibi, "usiseme tena tosha. Ni makosa. Hata munane ni makosa."

Somo likaanza. Mwalimu akauliza, akasema, "Jibu sasa," na kimya kikapita kitupu. Mama alikaa mikono mapajani, amefunga mdomo kama mtu aliyeambiwa ametia mkono katika sahani isiyo yake. Swali la pili vilevile. La tatu vilevile. Niliacha cherehani, nikachukua koti langu, nikatoka.

Ofisi za redio ziko katikati ya mji. Niliketishwa kwenye benchi la korido, kisha nikasahauliwa, kisha nikajikumbusha mwenyewe kwa kufungua mlango. Mtangazaji alinitambua. Alisimama kwa heshima, hilo simnyimi.

Nilimweleza. Alinisikiliza akigonga kalamu mezani, halafu akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, mtoto wenu ana akili nyingi, nawapongeza. Lakini kituo kina wajibu wa kulinda lugha. Katika Kiswahili sanifu kutosha maana yake ni kukidhi haja. Hiyo maana yenu ya kutoa haipo. Ni lugha ya mtaani tu."

Haipo. Neno alilonyonya nalo, ananiambia halipo.

Nilikuwa bado nimesimama. Naye akaliona hilo, akaona aibu, maana ni mtoto aliyelelewa. Kiti pekee kilikuwa na rundo la mafaili. Akamgeukia katibu wake, upesi, bila kufikiri.

"Tosha ile bafarde ku kiti, mama aikale."

Katibu akainuka kuyabeba.

"Asitoshe," nikasema. "Neno halipo. Atatoshaje?"

Katibu alisimama hapohapo na mafaili kifuani, anatutazama kwa zamu. Mtangazaji akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha mtaa wa pili kutoka kwetu, na Kiswahili chake kikarudi nyumbani.

"Mama, uniachilie. Ile maulizo haikuwa yangu, nilisoma tu vile baliandika. Miye mwenyewe nilimusikia ule mutoto, nilijua anajibu nini."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mpaka leo hili ndilo linaloninyima amani. Angekuwa hajui, ningemsamehe mlangoni. Lakini alijua, na bado akamwambia pole sana mbele ya watu, kwa sababu hema la mbele lilikuwa linamtazama.

Nilimwambia sitaki zawadi, wala nafasi ya Jumamosi. Nataka aseme redioni kwamba mtoto hakukosea. Maneno mawili tu, bibi yake ayasikie.

"Dimanche tunapitisha tena ile émission yote," akasema, yaani Jumapili kipindi kizima kingerudiwa. "Tutatengeneza, mama. Nimeahidi. Tutatengeneza."

Nikamshukuru. Nikapanda basi nikiwa nimenyoosha shingo, na nyumbani nikamwambia mama, nikamwambia mtoto, nikaita na majirani wawili waliokuwa wamecheka.

Jumapili baada ya misa tulikuwa wote uani. Mama alikuwa ametia betri mpya, zile ambazo huwa anaziweka akiba. Mtoto alikaa kwenye jiwe la kufulia, mbali kidogo, anajifanya hasikilizi.

Kipindi kikaanza. "Watoto kumi kutoka shule kumi," mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya jukwaani, na makofi yakapigwa. Mtoto wa kwanza akajibu. Wa pili. Niliona binti yangu anakunja kidole kwa kila mtoto. Wa tano. Wa sita, yule mvulana aliyesema mji badala ya mto. Nikainama kuiongeza sauti.

Halafu akaingia msichana wa nane, na swali lake la sayari.

Nilifikiri redio imerukaruka. Nikasubiri. Msichana wa nane akamaliza, akaja wa tisa, akaja wa kumi, makofi, washindi, shukrani kwa wakubwa waliofika, muziki. Hapakuwa na mayai. Hapakuwa na kicheko, wala pole sana, wala mtoto wangu. Walikuwa wametengeneza.

Jirani mmoja akajikohoza, akasema ameacha maharagwe motoni. Mwingine akamfuata. Mimi nilibaki nimeshika kile kitufe cha sauti.

Mama yangu ndiye aliyelisema neno lenyewe.

"Balimutosha."

Alilisema polepole, kwa maana ile ambayo haipo. Kisha akamtazama mjukuu wake, kama anayeomba radhi kwa kulitumia neno lile.

Mtoto alikuwa bado anatazama vidole vyake alivyovikunja. Alivihesabu tena. Akainuka kwenye jiwe, akaja, akakaa pale alipokaaga zamani, kando ya kigoda.

"Nkambo," akasema, "kumi, tosha moya. Inabakia kenda."

Hakunong'ona. Ilikuwa ile sauti ya kusikika barabarani.

"Njo vile," mama akasema. "Inabakia kenda." Akaisukuma redio mbele ya mtoto. Muziki ulikuwa bado unaendelea. "Sasa tosha ile mapile."

Mtoto akaigeuza, akafungua kifuniko cha betri kwa ukucha, akazitosha.