Fomu ya ruhusa ninayo mkononi, mwamuzi akaikataa

Wakuu, salaam kutoka Tarime. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Hasira bado ninayo, mnivumilie.

Nilikuwa mpishi kwenye shule moja ya bweni ya binafsi hapa Tarime, mwaka wa sita huo. Jina la shule naliacha.

Mama yangu akafariki kwetu Ringwani, Serengeti. Nikaenda kwa meneja, akanipa pole, akanisainia fomu ya ruhusa ya siku nne. Fomu ikabaki ofisini. Mimi nikatoa photocopy, bahati tu.

Narudi kutoka kuzika, nakuta barua getini. Nimefukuzwa kwa utoro.

Yaani mtu kakupa pole kwa mdomo wake, leo wewe ni mtoro!

Nikafungua shauri la kazi. Usuluhishi ukashindikana, meneja alikana katakata. Tukaenda hatua ya uamuzi, ambako ndiko ushahidi unasikilizwa. Wakili sikuwa naye. Nilidhani ukweli unatosha.

Siku ya kusikilizwa, shule ndio walioanza. Meneja akaapa, akasema niliondoka bila kuaga. Nikaambiwa nimuulize maswali. Badala ya kuuliza nikaanza kumgombeza, mpaka mwamuzi akanikumbusha kwamba pale ni maswali tu, maelezo nitatoa zamu yangu ikifika.

Ikafika, nikatoa photocopy yangu. Wakili wa shule akasimama kupinga. Original iko wapi?

Nikasema iko kwao.

Akasema kwao hakuna kitu kama hicho. Mwamuzi akaniuliza kama niliwapa notisi mapema ya kuwataka waje na original. Wakuu, hiyo notisi ndiyo kwanza naisikia siku hiyo. Fomu haikupokelewa.

Hebu fikirieni. Aliyeikalia karatasi ndiye analalamika kwamba haioni.

Nikabaki na shahidi mmoja, Mama Bhoke, mpishi mwenzangu, mtu mzima wa Nyarero. Alikuwa bado anafanya kazi palepale shuleni. Nilipomfuata kwake kumwomba, nilimwamkia shikamoo, nikaishia kumuuliza habari za nyumbani. Ni yeye aliyesema atakuja.

Hapo nako nikaharibu. Nilimkalisha ndani pamoja nami tangu asubuhi, kumbe shahidi anatakiwa asubiri nje asisikie wengine wanasema nini. Wakili alimwona akanyamaza, na alipoitwa tu ndipo akapinga. Mwamuzi akasema atamsikiliza, ila uzito wa ushahidi wake ataupima.

Mama Bhoke akaapa, akasema nilikuwa na ruhusa. Wakili akamuuliza kwa dharau, "Ulikuwepo akipewa?"

"Sikuwepo."

"Sasa umejuaje?"

"Meneja alinifuata jikoni, huyu hajaondoka bado. Akaniambia nimshikie zamu siku nne, anakwenda kumzika mama yake. Meneja si huyo amekaa hapo? Muulizeni."

Wakili akasema hana swali lingine. Meneja alikuwa ameinamia simu yake.

Uamuzi ukatoka, kufukuzwa kwangu hakukuwa halali. Nyumbani walifurahi sana.

Sasa sikieni kinachoniuma. Muhula ulipoisha, mkataba wa Mama Bhoke haukuendelezwa. Wapishi wengine wote wakaendelea, yeye peke yake akaachwa, na sababu hawakuandika.

Nikaenda Nyarero kumwomba radhi. Nilimkuta anapalilia mahindi. Hakuacha jembe.

"Mura, usinililie," akaniambia, mura ndiyo kijana kwa Kikurya. "Nilikuwa najua tangu naapa."

Mimi nimejifunza kwa kuumia, ninyi jifunzeni bure. Karatasi ikiwa kwao, waandikieni mapema waje nayo. Shahidi akae nje. Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza, usigombe.

Ila kwa Mama Bhoke sina jibu. Wanasheria mliomo humu, mtu aliyenyimwa mkataba baada ya kusema kweli anaanzia wapi? Mniambie hapahapa, kila mtu asome. Akifungua shauri, shahidi wake wa kwanza ni mimi.