Godoro Lisilokuwa na Nauli ya Kakuma

Wenzangu wa Nakuru mmeniuliza mara nyingi nilifuata nini Turkana, tena msimu wa joto, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa mkato. Haya, leo nawapa jibu kamili. Nilikwenda kuhakikisha kwamba watu wasio na makao wanalala. Msicheke. Kulala si jambo la kuachiwa watu wajifanyie tu wanavyotaka.

Shirika lililonituma, ambalo nitalisitiri jina, hutoa vocha za kodi kwa familia ambazo makao yao yamebebwa na mto au mifugo yao imemalizwa na ukame. Mpangaji anampa mwenye nyumba vocha, mwenye nyumba anaipeleka ofisini na kulipwa. Ni mpango mzuri, na hilo nasema bila kejeli. Mniwie radhi, halitarudiwa. Kwa sababu kuna mtu, Nairobi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, aliyeongeza sharti: anayepewa vocha lazima alale ndani ya nyumba iliyolipiwa. Asipolala humo, vocha inakatwa. Nami nikateuliwa kuwa mkaguzi wa usingizi.

Kutoka Kitale tulipanda hadi Kapenguria tukiwa na masweta, tukateremka Marich tukiwa na mashati, na tulipopita Kainuk hata shati lilikuwa mzigo. Gari la mradi lilibeba katoni za maji ya chupa za kututosha mimi na dereva mpaka Misri. Kando ya barabara akina mama walikuwa wakichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Dereva akafunga vioo ili ubaridi usitoke.

Lodwar nilipokewa na Bwana Ekidor, afisa wa nyanjani, mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya mradi iliyopauka kwa jua.

"Ejok, madam. Karibu kwa joto," akanisalimu, kisha akanipeleka moja kwa moja Kanamkemer, mtaa wenye wapangaji wengi wa vocha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa chumba cha mabati, safi, kimefagiliwa. Nilipoingia nilihisi kama nimefunikwa sufuria ya ugali. Lakini katikati palikuwa na godoro la bluu lenye alama nyeusi ya pasi pembeni, na godoro ndilo ushahidi wa usingizi. Nikaweka tiki. Nyumba ya pili, godoro la bluu lenye alama ya pasi. Tiki. Tulipofika ya tatu tulimkuta mwenye boda boda mlangoni akijifuta jasho, na ndani godoro la bluu, safari hii likiwa na vumbi.

"Bwana Ekidor, hili godoro tumeshaonana nalo."

"Magodoro yanafanana, madam."

"Hata alama ya pasi?"

"Pasi pia zinafanana."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikatoka nje nivute hewa. Huko nikaona kila chumba cha mabati kina mikeka imekunjwa na kuegemezwa ukuta wa nje.

"Kwani hawa watu hulala wapi?" nikamwuliza Ekidor.

"Nje. Huko kuna hewa."

"Na wewe?"

"Mimi ni afisa, madam."

"Najua. Afisa hulala wapi?"

Akavua kofia, akaitazama. "Nje."

Nikaandika kwamba Kanamkemer inalala vizuri sana. Mimi ni nani nisiikubali kazi nzuri ya godoro lile?

Asubuhi iliyofuata tukashika njia ya Kakuma. Huko kulikuwa na nyumba moja tu ya kukagua, lakini ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha wakubwa usingizi, kwa sababu wakaguzi waliotangulia hawakuwahi kukuta hata shuka ndani yake. Godoro halikuja. Lodwar mpaka Kakuma kwa boda boda si mchezo, na sidhani kama bajeti ililiwekea nauli.

Kakuma mjini tulimkuta Akiru, mama wa makamo mwenye shanga shingoni, akipanga makaa ya kuuza mbele ya ploti ya Mzee Kamau, mfanyabiashara aliyetoka Murang'a zamani akajenga vyumba vya mabati vya kupangisha. Mto Tarach ulipofurika ulibeba makao ya Akiru, na vocha ikampatia chumba hapo. Alitufungulia. Ndani mlikuwa na wanambuzi wawili, gunia la mahindi na begi la shule.

"Unalala wapi, mama?" nikamwuliza. Ekidor alikuwa akinikonyeza ili nisiulize. Nikauliza.

Akiru hakuzunguka mbuyu. Akatupeleka nyuma ya chumba. Palikuwa na kibanda cha duara cha matawi ya mkoma, kimesukwa vizuri hata upepo ulipita humo ukiwa umepoa.

"Hapa. Hii nilijenga mimi."

"Lakini shirika linalipia ile ya mbele."

"Ile ni ya mbuzi na kitabu ya mtoto. Mtu hawezi kulala huko." Akaniangalia kwa huruma, kama anayemweleza mtoto. "Sisi kwetu nyumba mama ndiye anajenga. Ile alijenga mwanaume. Sasa ulitegemea nini?"

Mzee Kamau, aliyekuwa dukani kwake, akasema kwa sauti, "Mama, nimesikia!"

"Sikia tu!"

Tulicheka wote, ila Ekidor. Ilimbidi aseme yaliyokuwa yamemleta: kesho alfajiri atarudi, na akikuta chumba hakina mtu, vocha imekwisha. Kicheko kikafutika usoni mwa Akiru. Bila chumba hana haki ya kuwa ndani ya ploti, na bila ploti kibanda kinabomolewa. Ardhi ya mjini yote ina wenyewe.

"Na Nangiro?" akauliza. Huyo ni binti yake, yuko gredi ya sita, shule iko ng'ambo ya barabara. "Nikirudi kule mtoni, atasomea wapi?"

"Basi ulale ndani leo tu," Ekidor akamsihi.

"Na ukija tena mwezi mwingine? Nifanye uongo kila mwezi? Mimi si godoro."

Kumbe sifa za godoro zilikuwa zimefika Kakuma kabla yetu.

Jioni nilikwenda kwenye gesti niliyowekewa na shirika. Dada wa mapokezi aliisoma karatasi yangu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Hii ni nini, madam?"

"Ni vocha. Shirika litawalipa."

"Aa, vocha!" Akacheka kwa uchungu. "Za mwaka jana bado tunangoja. Chumba nimempa mwenye pesa taslimu."

"Nami nina pesa zangu, nipe kingine."

"Hakuna. Mji mzima umejaa. Kuna mkutano mkubwa wa uhaba wa makao."

Naapa sijaongeza neno. Wajumbe wa uhaba wa makao walikuwa wamechukua makao yote. Nikasimama barabarani na begi langu la magurudumu, mkaguzi wa nyumba asiye na nyumba, nikaona aibu kweli, ile ya kukufanya utazame viatu vyako. Ekidor alikuwa amefikia kwa nduguye mwenye watoto wengi katika chumba kimoja, akawa anajikuna tu chini ya kofia.

Tulipopita kwa Mzee Kamau, Akiru akatuita. Akasikiliza mkasa wote, akapiga makofi.

"Mgeni alale barabarani na mimi niko na nyumba mbili? Haiwezekani. Chagua."

Nilikuwa tayari nimepiga hatua kuelekea kwenye kibanda. Kisha nikakumbuka kesho alfajiri, nikageuka.

"Nipe ya mabati."

Akiru akachukua ufagio. Akaingia, akatoa wanambuzi mmoja mmoja, akafagia, akanitandikia ngozi yake mwenyewe. Mlangoni akanishika mkono. "Mama, ukishindwa, toka. Sitakucheka." Alishaanza kucheka.

Usiku huo siusimulii. Nawaambia tu kwamba bati linakumbuka jua, na kwamba nje nilimsikia Akiru na Nangiro wakikoroma kwa raha nikawachukia.

Alfajiri Ekidor akagonga. "Nyumba ina mtu?"

"Ina mtu!" nikajibu. Akafungua, akanimulika na tochi, nywele zimenisimama, kitenge kimelowa chapachapa. Akazima tochi haraka. "Ina mtu," akajisemea, akaandika.

Nairobi, nilipeleka ripoti nikishauri sharti la kulala ndani liondolewe. Wanalifikiria. Wameunda kamati. Meneja alitaka kujua jambo moja tu.

"Hii ya Kakuma. Kweli kulikuwa na mtu ndani?"

"Kulikuwa na mwanamke mtu mzima."

"Una hakika alilala humo?"

"Nina hakika. Nilimsikia akigeuka na kulalamika mpaka kukapambazuka."

Akaridhika. Vocha ikaendelea. Hakuuliza jina la mwanamke.

Hayo ndiyo niliyojifunza: kwamba nyumba ni pale mtu anapoamka akiwa hana hofu ya kufukuzwa, na kwamba ofisini neno hilo halina mahali pa kuwekewa tiki. Wiki iliyopita Ekidor alinipigia simu. Ukaguzi mwingine uko karibu, kamati bado inakutana, na Akiru anasalimia. Anauliza kama nitakuja mwenyewe, maana bado hajamwona mwingine anayeweza kulala mle.

Nimemwambia nitakuja. Nimemwomba aniazimie na lile godoro la bluu kutoka Kanamkemer. Safari hii nauli yake nalipa mimi.