Majina Pembeni mwa Misale

Watu wa Keshero, mtaa wa Goma, walimwita Mama Biblio, na wengi wao hawakujua kwamba jina lake ni Charline Kahindo. Alikuwa Mnande wa Butembo, mfupi, wa miaka hamsini na tisa, na miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kazi ya vitabu hakuisomea. Alifika Goma mwaka wa tisini na moja akimfuata mumewe Paulin, akapata kazi ya kupiga deki kwenye maktaba ya parokia moja katikati ya mji. Padri mzee aliyeitunza alimkuta siku moja amesimama, ufagio kwapani, anasoma. Hakumkemea. Kesho yake alimletea sindano, uzi na gundi ya unga wa muhogo, akamfundisha kushona vitabu vilivyochanika.

"Usikivute mgongoni," alimwambia. "Kila mutu anavuta mgongoni, ndiyo maana vinakufa."

Miaka ikapita, padri akafa, na Charline akabaki na ufunguo. Nyuma ya meza yake kulikuwa na kabati la chuma lenye vitabu vya zamani, na kila kimoja alijua kilikotoka. Kulikuwa na katekisimu iliyofichwa ndani ya mzinga wa nyuki mwaka wa uasi. Nta bado ilikuwa imeganda kwenye sala ya jioni. Kulikuwa na kitabu cha mimea cha mkulima mmoja wa kahawa wa Rutshuru, ambamo majani yalikwisha kuoza na kubakiza vivuli vyao kwenye karatasi. Kulikuwa na atlasi iliyopigwa risasi: ilipita Ulaya yote ikakwama Asia. Wageni walipokuja Charline aliwaonesha hivyo vyote, akiwasimulia, nao walicheka au walitikisa kichwa.

Kimoja hakuwaonesha. Kilikuwa misale ya altare, kitabu cha padri cha kusomea misa, ya Kilatini, nene kama tofali, kingo zake nyekundu. Ukiifungua unakuta sala za padri katikati ya ukurasa kama kawaida. Lakini pembeni, juu, chini, kila mahali palipokuwa peupe, pamejaa maandishi ya kalamu ya biki ya buluu. Yalikuwa majina ya watu, na mbele ya kila jina msalaba mdogo.

Aliyeileta alikuwa katekista wa Munigi, kaskazini mwa mji, mzee aliyeitwa Papa Ntirenganya, mwaka wa tisini na nane. Julai ile ya tisini na nne, kipindupindu kilipokuwa kinamaliza wakimbizi wa Rwanda, alisaidia kuzika. Munigi ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Maiti zilipangwa kando ya barabara zimefungwa mikeka, zikingoja mashine ije ichimbe. Ntirenganya alipita akiuliza walio hai: huyu nani? Alipopata jibu, aliandika jina. Alipokosa, aliandika mtu alivyo: mzee asiye na kidole gumba, msichana mwenye kitana nyweleni.

"Karatasi ilikosa," alimwambia Charline, akiiweka misale mezani kwa mikono miwili. "Nilikuwa na hii tu. Mungu ataniuliza sababu gani nilichafua kitabu yake. Na mimi nitamuuliza yangu."

"Niifanyie nini, Papa?"

"Mutu akiuliza, umuoneshe. Asipouliza, unyamaze."

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Na hakuna aliyeuliza.

Charline aliyahesabu majina: mia tatu na kumi na tisa. Kila alipoifungua misale, vidole vyake vilitoka na unga mweupe. Mwanzo alidhani ni karatasi inayooza. Baadaye alikumbuka kwamba juu ya maiti za Munigi ilimwagwa chokaa. Aliipangusa kwa kitambaa, ukurasa kwa ukurasa, wiki nzima. Alipoifungua tena, unga ulikuwepo.

Januari ya mwaka elfu mbili na mbili volkano ikalipuka. Moto uliteremka mjini ukitembea polepole, kama mtu anayejua nyumba anayoiendea. Charline alikimbilia maktaba na beseni moja la plastiki. Vitabu vilikuwa elfu nne, naye alikuwa na kichwa kimoja. Alitia kwenye beseni alivyoweza, akajitwika, akafuata umati kwenye njia ya Sake huku nyuma yake paa zikipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Walipopumzika, alitua beseni. Misale ilikuwa juu kabisa. Charline aliitazama bila kuamini. Alikumbuka kuchukua katekisimu, alikumbuka kitabu cha mimea na atlasi. Hii hakukumbuka kuigusa.

Maktaba ya zamani iliteketea. Parokia ilipojenga chumba kingine cha vitabu huku Keshero, kwa mawe meusi ya moto uleule, kabati jipya likawekwa na Charline akapewa ufunguo mpya. Lakini majina hayakukaa tena kabatini. Alikwisha kuyajua kwa moyo, bila kutaka. Yalimjia akichagua maharage, yalimjia akifua. Mtu akiita mtoto wake sokoni kwa jina mojawapo, Charline aligeuka kama ameitwa yeye. Katika chumba cha kusomea, mchana, wanafunzi wakiwa wamejaa kwenye meza, alihisi kwamba wamo watu zaidi ya wale anaowaona. Hawakuwa na ubaya. Walikaa tu, kama wanaongoja zamu.

"Unaongea na nani?" Paulin alimuuliza siku moja akiwa mlangoni na sahani mkononi.

"Na watu."

"Kahindo, baba yako mwenyewe haukumulilia hivi. Wale si ndugu zako. Hata luga yao hauijue vizuri. Rudishia mapadri ile kitabu."

Hakuirudisha. Angemwelezaje? Walikabidhiwa kwake, naye hajui wangeenda kwa nani mwingine.

Januari 2025 vita vikaingia mjini. Risasi zilivunja madirisha ya maktaba na kuangusha rafu mbili, na mvua ya siku tatu ikamalizia. Bunduki ziliponyamaza, Charline alianika vitabu mezani na kutafuta fundi. Majirani walimletea Théogène Habineza, mtengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kusema kidogo.

Alifanya kazi asubuhi nzima. Ilipofika saa sita aliomba asogeze meza moja, na juu ya meza ile misale ilikuwa wazi, inakauka. Théogène aliiinua kwa uangalifu. Halafu hakuiweka chini.

"Mama," alisema, "nani aliandika humu ndani?"

Miaka ishirini na saba, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza. Charline alivuta kiti akakaa.

Alimsimulia yote. Théogène alisikiliza akiwa amesimama, misale mikononi.

"Mimi niliokotwa Munigi," alisema mwishowe. "Mwaka ule. Mama Umuhoza ndiye alinichukua, akanilea, akanipa jina. Kabla ya hapo sijue kitu."

"Hakukuambia chochote?"

"Aliniambia nilivaa shati ya mwanaume, mikono ya shati imekatwa. Basi."

Wakakaa kusoma pamoja, yeye akisoma Kinyarwanda na Charline akisoma Kiswahili, maana Ntirenganya alichanganya lugha vile kalamu ilivyomtuma. Hawakula. Wanafunzi waliingia wakatoka. Kwenye kurasa za Kupaa kwa Bwana, kidole cha Charline kilisimama. Aliujua mstari ule kama alivyoijua mingine yote, lakini hakuwahi kuusoma pembeni ya mtu.

"Nishimwe, mwanamke. Watoto wake wawili pembeni yake. Mukeshimana, wa kike, miaka mitano. Igiraneza, wa kiume, mitatu. Huyu ana kovu ya moto kwenye mguu wa kushoto, amevaa shati ya mwanaume, mikono ya shati imekatwa. Wote watatu pamoja."

Na misalaba mitatu.

Théogène alisukuma kiti nyuma. Alikaa sakafuni, akafungua kamba za buti lake la kushoto, akalivua, akavua na soksi. Kovu lilianzia kwenye kifundo likapanda, limekunjamana, jeupe kuliko ngozi. Akaunyoosha mguu kwa Charline kama anayemwonesha daktari.

Charline aliinama akaushika. Ulikuwa na vumbi la mbao, na chini ya ngozi damu ilikuwa inapiga. Robo karne alimwombea mtoto huyu pumziko la milele.

Alisimama, akatafuta kalamu mezani, akampa. "Jifute," alisema. "Wewe mwenyewe."

"Inaruhusiwa kuandika mu kitabu ya zamani?"

"Hapana."

Théogène aliigeuza kalamu mkononi. Aliusoma tena mstari, midomo ikitembea bila sauti, hasa lile jina la mama. "Tuache, Mama," alisema. "Nikimutoa huyu mutoto hapa, mama yake atabaki na nani?"

Wiki iliyofuata alimleta Mama Umuhoza. Alikuja juu ya pikipiki kutoka Munigi, kikongwe aliyefungwa kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, na mfuko wa plastiki kifuani. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati. Aliliweka mezani bila kuambiwa, akakataa chai, akasema anataka asomewe. Charline akamsomea.

Alipofika kwenye jina la msichana, Mama Umuhoza aliinua mkono.

"Iko vile," alisema. "Walikuwa wawili."

Théogène alimgeukia. "Wawili namna gani, mama?"

"Nilikuwa napita na maji. Nikaona shati inatikisika. Nikaweka kidumu chini, nikakunyanyua. Ulikuwa mwepesi kama kuku." Alisema akiitazama misale, hakumtazama mwanawe. "Wakati nakufunga mgongoni, na yule wa kike akafungua macho. Akaniangalia. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kipindupindu kilikuwa ku kila mulango. Nikamuambia, ngoja, ninarudia. Akaitikia na kichwa."

Mama Umuhoza alivuta kitambaa kikafika machoni.

"Nilirudia asubuhi. Nilikuta udongo."

"Miaka yote hii," Théogène alisema.

"Miaka yote. Kila ukicheka namuona akiitikia na kichwa."

Mama Umuhoza aliweka kiganja juu ya ukurasa, kama anayepima homa. Alipokiondoa kilikuwa cheupe. Akakitazama. Akaanza kukipangusa kwenye kitenge, akapangusa, akageuza upande mwingine, akapangusa tena, hadi Charline akamshika mikono yote miwili na kuituliza mapajani. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Lilimjia ulimini, akaliona halina uzito, akaliacha. Alibaki amemshika tu.

Théogène alitoka nje. Walimsikia akitembea kwenye changarawe, huku na huku. Aliporudi alimpandisha mama yake kwenye pikipiki, akamshika kiunoni asianguke, wakaondoka. Halafu wiki tatu hakuonekana, na rafu moja ikabaki bila miguu. Charline aliamini kwamba amelivunja lile lililokuwa limebaki la watu hawa, na kwamba Ntirenganya alikosea kumwamini.

Ijumaa moja akaingia na misumari mfukoni, akamaliza rafu, akasimama mbele ya meza.

"Nimefikiri," alisema. "Mama hakuona mutu akimuzika dada. Aliona udongo. Mimi niko na musalaba mu hii kitabu na niko hai. Sasa hii mingine yote, tunajua namna gani?"

Charline aliivuta misale karibu. Mia tatu na kumi na tisa. Aliwazoea wafu, alijua namna ya kukaa nao. Lakini kama mmoja wao alikuwa akichonga chukudu siku zote hizi, wengine wako wapi? Ni nani alimuuzia nyanya jana?

Walimwendea padri, akakubali. Redio moja ya mtaa iliwapa nafasi baada ya matangazo ya vitambulisho vilivyopotea na mbuzi waliopotea. Charline alisoma kurasa kumi kila Jumatano. Ukurasa wa Kupaa aliusoma Théogène. Alipotaja jina la dada yake alinyamaza, na fundi wa mitambo akadhani waya umekatika.

Watu wakaanza kuja. Mwanamke mfanyabiashara wa maharage alitoka Bunagana, akamkuta baba yake kwenye ukurasa wa Kwaresima, akakaa naye toka asubuhi hadi maktaba ilipofungwa, bila kuomba picha wala nakala. Wanaume wawili walikuja wakaondoka bila kukuta kitu. Mzee mmoja alikuta jina la mke wake, akacheka kwa mshangao: mke wake alikuwa nyumbani, anapika. Wakawa wawili walio hai.

Mwezi wa nane alikuja Mukeshimana. Alikuwa na umri ambao dada yake Théogène angekuwa nao, uso mrefu, kanga mpya. Charline alimtuma mtu kwa Théogène, naye akafika na randa bado mkononi. Mwanamke aliomba msamaha. Alizaliwa Masisi, alisema, mama yake anaishi, na baba yake pia. Alisikia jina lake kwenye redio likitajwa katikati ya wafu, na toka siku hiyo halali.

"Nilitaka nione tu vile limeandikwa," alisema.

Charline alimfungulia ukurasa. Théogène hakuutazama ukurasa, alimtazama yeye, paji la uso, masikio, mikono. Alimtazama hadi mwanamke akaona haya na kuvuta kanga. Halafu akamuuliza, kwa upole sana, kama mama yake huko Masisi alipata kumwambia siku aliyozaliwa, na mahali, na nani alikuwepo.

Mwanamke alifungua mdomo ajibu, akasita.

"Nitamuuliza," alisema.

Hajarudi. Théogène anakuja kila Ijumaa baada ya kazi, anakaa karibu na dirisha jipya, na Charline anaiacha misale juu ya meza, wazi, hadi saa ya kufunga.