Angèle wa Kikula: "Bawa Hili Ni Pambo Tu"

Angèle Kazadi ameshika spana mkononi, lakini hafungi wala hafungui kitu. Mbele yake, kwenye ua wa nyumba yake mtaani Kikula, mjini Likasi, imeegeshwa Toyota ya rangi ya fedha iliyotoka kunyooshwa bodi. Juu ya mfuniko wa buti kuna matundu manne matupu. Ukutani, juu ya makopo ya gundi, limetundikwa bawa jekundu la kufunga nyuma ya gari, pana karibu sawa na gari lenyewe.

Mwenye gari ni mdogo wake wa tumbo moja, Dodo, dereva wa teksi ya Likasi na Lubumbashi, anayemwita yaya, yaani dada mkubwa. Ameegemea mlango, uzito wote ameuweka kwenye mguu wa kulia, maana wa kushoto haujapona sawasawa.

"Yaya, unangojea nini? Matundu iko, boulons iko. Funga tu, niende parking."

"Sema kwanza."

"Niseme nini tena?"

"Unajua."

Dodo anacheka, anatazama pembeni. Angèle hacheki.

Tuwaache hapo kidogo ndugu hawa wawili. Bila kujua bawa lile jekundu limetoka wapi na limepita wapi, utadhani ni ubishi wa kawaida wa watu waliokula sahani moja tangu utotoni.

Angèle ana miaka arobaini na mitatu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na baba yake alizeeka kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru, kwenye kikosi cha kuziba matangi ya asidi. Kazi yao ilikuwa kutandika kitambaa cha nyuzi za kioo, kupaka gundi nzito, kutandika tena, kupaka tena, mpaka tangi lisivuje. Mzee alipoacha kazi alirudi nyumbani na ufundi huo, akawa anawazibia majirani mabeseni na mapipa. Binti yake ndiye aliyekuwa akimchanganyia gundi.

"Papa alikuwa ananiambia, gundi ni sawa na mutoto wa mugonjwa, usiiache peke yake," anasema, na kuonyesha mikono yake yenye vipele vidogo vidogo. Nyuzi za kioo humchoma kila siku. Jioni hujisugua na unga wa mahindi ndipo apate usingizi.

Mabawa yalikuja kwa bahati. Siku moja kijana wa mtaani alimletea simu yenye picha ya gari la mashindano, lile bawa la nyuma limesimama juu ya miguu miwili. Huku Likasi huliita aileron, kwa Kifaransa, au kwa kifupi mukia. Kijana alitaka la kwake. Angèle alichukua povu jeupe gumu lililokuwa limefungiwa friji mpya ya jirani, akalichonga kwa kisu, akalivika kitambaa cha kioo na gundi, akapiga msasa, akapaka rangi. Jumapili ile kijana alizunguka Kikula nzima kwa mwendo wa kobe, ili kila mtu amwone.

Basi, hapo mlango ukafunguka. Wakaja wenye Toyota za teksi, wakaja wa misafara ya harusi, akaja hata mchungaji mmoja aliyeomba dogo la heshima. Kwa bawa moja Angèle alilipwa dola arobaini, hela ambayo mabeseni ya kuziba hayakuwahi kumpa kwa wiki nzima. Mtaa ukambandika jina: Mama Aileron.

Naye mdomo hakuwa nao haba. Kila mteja alimmwagia sifa zilezile: hili likikaa nyuma, gari linashika barabara, hata kwenye kona halitikisiki.

"Nilikuwa nadanganya? Minye mwenyewe nilikuwa naamini!" anasema, sauti imepanda. "Nilionaka mu video motoka za course, za mashindano, zote ziko na aileron. Nikasema basi, inashika. Kumbe zile, bantu ba hesabu njo banazitengeneza. Yangu nakata na macho. Ikipendeza, imeisha."

Aliyesikia maneno hayo kuliko mteja yeyote alikuwa Dodo. Aliyasikia mezani, aliyasikia uani, aliyasikia siku dada yake alipomfungia bawa jekundu bure kabisa, zawadi ya gari lake la kwanza.

Masika yaliyopita, Dodo alikuwa akirudi kutoka Lubumbashi na abiria watatu. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa. Karibu na Kamatanda kuna kona ambayo madereva wote huipigia breki mapema. Dodo hakuipigia.

Gari liliteleza, likaacha lami, likaingia majanini na kulala ubavu. Hakufa mtu, Mungu ni mkubwa. Dodo alivunjika mguu. Mama Estelle, muuza samaki wakavu wa sokoni Kikula, alivunjika kifundo cha mkono. Wengine wawili walitoka na michubuko.

Angèle alipopigiwa simu alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Anachosimulia hapa anakisimulia polepole, na mara mbili anasimama kufuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Nilifika, motoka imelala. Bantu banapiga kelele. Na minye, unajua niliangalia nini? Niliangalia aileron. Mbele ya kuangalia mutu, niliangalia aileron! Nikapitisha mukono, hata ufa haina. Nikafurahi. Mungu wangu, nikafurahi! Njo nikasikia Dodo analia mule mu majani."

Hospitalini usiku ule, mdogo wake alimwambia jambo ambalo halijamtoka masikioni hadi leo. Hakumlaumu, na labda angemlaumu ingekuwa nafuu. Alimuuliza tu sababu, kwa mshangao wa mtu aliyeahidiwa: "Yaya, juu ya nini haikushika?"

Tangu hapo biashara imegeuka kichwa chini. Habari ya bawa jekundu ilifika parking, kwenye kituo cha teksi, kabla ya majeruhi kufika nyumbani, na abiria wakaanza kuchagua.

"Nikiona motoka ya mukia, napita," anasema Mama Estelle, ambaye mkono wake umepona ila hauwezi tena kubeba gunia. Anasema hivyo akiwa amekaa nyuma ya meza yake ya samaki, bila hasira. "Angèle ni mutu muzuri. Alikuja kuniona kila siku, alinifulia manguo. Lakini mukia, hapana. Chauffeur akiona iko na mukia, anajisikia ndege."

Madereva si wajinga. Gari lisilopata abiria haliwafai kitu, hata likipendeza vipi. Wakaanza kurudi kwa Angèle mmoja mmoja, safari hii kung'oa. Kwa miezi kadhaa kazi yake kubwa imekuwa kufungua mabawa aliyoyafunga mwenyewe, kuziba matundu kwa gundi na kitambaa, kupiga msasa na kupaka rangi mpaka usijue palikuwa na kitu. Ni kazi safi. Ukipitisha kidole juu yake hugundui chochote.

"Inauma?" mwandishi anamuuliza.

"Ma! Inauma sana. Ni kama kushona robe, halafu unaitwa ukaifumue, mwenyewe anakuangalia."

Hata hivyo hajaacha kutengeneza. Vijana wa harusi na wa kujionyesha Jumapili bado wanakuja. Ila sasa ana sharti, na hapunguzi hata neno. Kabla hajatoboa buti, mteja asimame nyuma ya gari lake na kusema kwa sauti, watu wasikie: "Hii ni pambo tu. Haitanishika mu virage."

Virage ni kona. Wengi husema huku wakichekeana na wenzao. Mmoja alikasirika, akaondoka na hela zake, akimwambia hajawahi kuona muuza nyanya anayemwapisha mnunuzi. Angèle alimwacha aende. Anayecheka humrudisha mwanzo mpaka aseme kwa uso wa kawaida, na yupo aliyesema mara sita.

Pembeni mwa ua kuna pipa kubwa la maji, la nyuzi za kioo vilevile, linalosubiri rangi. Huo ndio mpango wake wa mbele. Kikula maji ya bomba hukatika wakati wowote yanapojisikia, na kila nyumba inataka pa kuyawekea. Angependa atengeneze mapipa kama hayo kwa wingi, apate na karakana yenye paa.

"Réservoir itanilisha, najua," anasema, kisha anashusha pumzi na kulitazama bawa jekundu ukutani. "Lakini réservoir, nani ataiangalia mara mbili?"

Bawa lile wameliulizia wengi tangu alipolifungua kwenye gari la Dodo lililoanguka. Halijawahi kuuzwa. Angèle anasema lina mwenyewe.

Na mwenyewe, asubuhi hii, amekuja kulichukua.

"Dodo, sema," Angèle anarudia.

"Yaya, minye ni ndugu yako. Na minye utaniapisha sawa na batoto ba Jumapili?"

"Weye zaidi yao."

"Si weye njo ulinifundisha? Si weye ulisema inashika?"

Angèle anaiweka spana juu ya buti, anamsogelea mdogo wake mpaka wanatazamana. "Njo minye," anakiri. "Nilisema, na nilisema vibaya. Sasa nasema ingine. Nisikie kama vile ulinisikia ile siku."

Dodo anainamisha kichwa. Anajikohoza. Anasimama nyuma ya gari lake, mahali wanaposimama wote, na kwa mara ya kwanza haonekani kama mtu anayefanya mzaha.

"Hii ni pambo tu," anasema. Angèle amenyanyua spana. "Haitanishika mu…"

Hapo anatabasamu. Ni tabasamu zuri, la mtu ambaye hajui kuficha kitu. "Lakini yaya, ile siku ilinishikaka kiloko, kidogo tu. Bila ile, tungepinduka mara mbili."

Angèle anairudisha spana kwenye sanduku lake. Hapandishi sauti. Anaingia ndani na kurudi na kipande cha sabuni ya kufulia, anakifinyanga kwa vidole, anaziba matundu yale manne moja baada ya jingine, mvua isiingie kwenye buti. Dodo ananuna kidogo, halafu anambusu dada yake shavuni na kuwasha gari.

"Polepole mu virage!" Angèle anampigia kelele. Honi inajibu barabarani.

Mwandishi anamuuliza kwa nini sabuni, wakati matundu ya wengine wote ameyaziba kwa gundi na rangi, yakapotea.

"Gundi ikikauka, imeisha, haitoki tena," anasema, akisafisha vidole kwenye kitenge. "Sabuni, nitaisukuma tu na musumari, ile siku atasema bila kucheka."