Krismasi Ambayo Bibi Alishuka Mlimani

Harufu ya maharage yanayochemka kwenye maji ya magadi haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Ina ukali kidogo, kama wa sabuni ya mche iliyolowekwa, na chini ya ukali huo kuna utamu wa maharage yenyewe yakianza kupasuka. Kwa wasomaji ambao hawakukulia upande wetu, nieleze kwamba magadi ni mawe ya kijivu na meupe yanayochotwa kwenye kingo za maziwa ya bondeni. Katika masoko ya Arusha huuzwa kwa mafungu, jirani na tumbaku na pilipili kavu. Unavunja kipande, unakiloweka, unaacha takataka zitulie, kisha unamimina yale maji ya juu kwenye sufuria. Mahindi magumu na maharage yaliyokaa ghalani tangu mwaka jana hulainika upesi, na mkaa wako unabaki kwenye gunia. Mwezi mzima wa Desemba, mwaka ninaotaka kuwasimulia, nyumba yetu ya vyumba viwili kule Sokon I, mjini Arusha, ilinuka harufu hiyo asubuhi na jioni. Mvua za vuli zilikuwa zimegoma kwisha. Mlima Meru, ambao siku za kawaida ulitutazama kutoka juu ya mabati ya majirani, ulikuwa umejificha kwenye wingu zito, na sisi watoto tulianza kuzoea kuishi kana kwamba haupo.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa tena. Maduka ambako mama zetu walikuwa wamepanga foleni ya sabuni sasa yalikuwa yamening'iniza maputo, maua ya plastiki na nyuzi za kumetameta milangoni, na kwenye marundo ya mitumba mtu aliweza kupata gauni la sikukuu lenye lesi shingoni. Lakini Krismasi yetu haikuwa ya mjini. Kila mwaka tulipanda kwa Bibi, mama yake Baba, kwenye migomba ya miteremko ya Meru, kwa sababu kwetu mtu akiila sikukuu mjini huulizwa amekosana na nani. Mwaka ule Mama hakuweza kupanda. Alipokuwa binti aliugua homa ya viungo, na homa ile ilipoondoka iliacha mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Ndivyo daktari alivyomweleza, na ndivyo yeye alivyotueleza sisi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za bomba linalovuja. Maji yalimjaa miguuni. Alilala ameegemea mito kama mtu anayesafiri kwa treni. Hospitalini walimpa vidonge vya kupunguza maji na amri moja: aache chumvi, hata punje.

Mama aliitii amri ile kama wagonjwa wachache wanavyotii. Kopo la chumvi alilitoa jikoni, akaliweka kwenye rafu ya chumbani, na sisi wengine tulijinyunyizia sahanini baada ya kupakua. Yeye alikula kutoka kwenye sufuria yake ndogo yenye mfuniko wa bluu. Chakula kisicho na chumvi kinachosha ulimi, kwa hiyo aliongeza magadi kidogo, angalau kupata ladha, na Baba alifurahi kuona anamaliza sahani. Hata hivyo miguu ilizidi kuvimba. Wiki iliyofuata viatu vyake vya kanisani havikuingia. Kisha ndala nazo zikaanza kumwachia alama za mikanda. Aliongezewa vidonge, na miguu ikavimba tena. Hospitalini walimuuliza kama kweli ameacha chumvi, akaapa, na waliona kwamba mwanamke huyu hasemi uongo. Sikujua mengi juu ya moyo, lakini niliijua sura ya mtu mzima aliyekata tamaa, na siku ile niliiona kwa muuguzi, halafu kwa Baba tulipokuwa tukirudi.

Mama hakutaka sikukuu ifutwe. Alizigawa kazi zote za Krismasi kwenye makundi mawili, kazi za kusimama na kazi za kukaa, na nawashauri wote wenye mgonjwa nyumbani wajaribu mgawanyo huo, kwa maana unamwachia mgonjwa heshima yake. Kufua mapazia kwa kuyakanyaga kwenye beseni, kupaka sakafu rangi nyekundu na kuisugua kwa gunia, hizo zilikuwa kazi za kusimama, na zilikuwa zangu. Kuchambua mchele, kumenya ndizi, kukata minyororo ya karatasi kutoka kwenye magazeti ya zamani, hizo zilikuwa zake, na alizifanya akiwa kwenye kiti chenye mikono kando ya mlango, miguu juu ya debe lililogeuzwa. Alifanya kidogo kila siku, akapumzika kabla hajachoka. Baba alileta tawi la msonobari lililoangushwa na upepo. Tulilipamba kwa karatasi za kung'aa za ndani ya paketi za sigara, ambazo Mama alizinyoosha kwa ukucha mpaka zikawa kama kioo, na pamba iliyochambuliwa nyembamba. Mama Zuhura, jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu kutoka Kondoa mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mama Neema, theluji yote hiyo umeitoa wapi?"

"Kilimanjaro," Mama akajibu. "Wamenipunguzia."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Mama kiliishia kwenye kikohozi, na Mama Zuhura aliacha kucheka kabla yake.

Kadiri siku zilivyosogea, kazi za kukaa nazo zilianza kuhamia kwangu. Kwanza ndizi, maana mkono ukiinuliwa muda mrefu ulimkata pumzi. Kisha mchele. Kila kazi aliyoniachia aliniachia kwa kunifundisha, bila haraka, kama mwalimu mzuri. "Angalia, Neema. Ndizi usikwangue, itaingia weusi. Pitisha kisu chini ya ganda, livue." Akanionyesha jinsi ya kupima maji ya wali kwa kiungo cha kidole, na shati gani la Baba halipigwi pasi ya moto mkali. Nililishika shati lile mkononi nikajiuliza shati linahusiana nini na Krismasi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba haniandai kwa sikukuu tu. Tangu siku hiyo nilianza kujifanya mzito wa kuelewa. Nilikwangua ndizi makusudi, nikamimina maji ya wali mpaka yakafurika, nikiamini kwamba mama hawezi kuondoka wakati mtoto wake bado hajui kupika. Yeye alitabasamu na kuanza upya. Siku za mwisho alikuwa amebakiwa na kazi moja tu, kuitia magadi ile sufuria yake ndogo, na hiyo hakutaka kumpa mtu.

Siku moja kabla ya mkesha, Bibi alishuka. Hakuwahi kula Krismasi mjini maisha yake yote. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, kibuyu cha maziwa ya mgando na kifurushi cha magadi aliyoyachagua mwenyewe, meupe, yasiyo na mchanga. "Shikamoo, Bibi," nikasema. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, huku akimtazama Mama juu ya kichwa changu. Alitazama miguu, akatazama shingo ambayo mshipa wake ulikuwa ukirukaruka, kisha akasema kwa furaha kubwa kupita kiasi kwamba Mama amenenepa. Mtaani kila aliyekutana naye alimpa pole badala ya kumkaribisha. Nilipomsaidia kufungua mfuko wake, chini ya kanga za sikukuu nilikuta kile kitambaa cheupe cha kichwani alichokivaa misibani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilikifunika upesi. Nilielewa kwamba kule juu ndugu walikuwa wamekaa, wakazungumza, na kumtuma.

Siku ya Krismasi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baba alikwenda kanisani na mimi, tukarudi tumelowa, na Bibi alikuwa amekwisha kupika ndizi kwa maharage na nyama kidogo, na wali ambao Mama aliusimamia akiwa kitini kwa kunyoosha kidole tu. Kulikuwa na desturi ambayo mtaa wetu uliishika bila kuandikiana: Krismasi sahani zilikwenda kwa Waislamu, na Idi zikarudi zimejaa. Mama Zuhura alipokuja kuchukua yake, Bibi, ambaye hakuzijua sufuria zetu, alimpakulia kutoka kwenye ile yenye mfuniko wa bluu. Mama Zuhura alionja papo hapo, kama ilivyokuwa tabia yake. Akatema ukumbini.

"Nisameheni jamani! Mama Neema, hiki ni chakula au maji ya kufulia?"

"Hiyo ni ya mgonjwa," Baba akasema. "Haina chumvi."

"Chumvi haina, lakini magadi yaliyomo yanaweza kung'arisha shuka zangu zote!"

Bibi aliona nchi yake yote imetukanwa. "Ulimi wako ni wa watu wa pilau," akasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Sisi magadi ndiyo yaliyotulea. Miaka ile ya foleni, chumvi ilipopotea madukani, mlifikiri tulipikia nini huko juu? Hata ng'ombe wangu, chumvi ikikosekana, nawalambisha jiwe la magadi. Wanalamba, wanatulia. Ng'ombe hajui tofauti."

Mama alikuwa amekwisha inua kijiko. Alikishikilia hewani.

"Hajui tofauti, Mama?" akamuuliza Bibi, polepole.

"Atajuaje? Si ni chumvi tu, mwanangu, ya bondeni badala ya ya baharini."

Niliona maneno yale yakimfikia Baba, kisha Mama Zuhura aliyejifunika mdomo kwa kanga, na mwisho yakamrudia Bibi mwenyewe, ambaye ndiye aliyeyasema. Alitazama kifurushi alichotubebea kutoka mlimani. Akakaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa, kama mtu aliyesukumwa. Mama alikirudisha kijiko sahanini bila kelele, akasukuma sahani mbali kwa vidole viwili. Hakuna aliyelia, hakuna aliyelaumiwa. Kitu tulichokuwa tukikikimbia kilikuwa kimekaa nasi mezani muda wote, nasi ndio tuliokuwa tukikipakua.

Kliniki ya hospitali ilipofunguliwa baada ya sikukuu, muuguzi alishika kichwa. "Nani alikuambia magadi si chumvi?" aliuliza. "Hakuna," Mama akajibu. "Wala hakuna aliyeniambia kwamba ni chumvi." Alikula ndizi zilizopikwa kwa maji matupu, akakunja uso, akameza. Miguu haikupungua siku hiyo wala kesho yake. Ilipungua taratibu, huku tukiitazama kwa kuibia, tukiogopa kusema. Kabla shule hazijafunguliwa alininyang'anya kisu cha ndizi. Wiki iliyofuata akadai mchele wake. Bibi alipanda mlimani na mfuko wake, na kile kitambaa cheupe kilikaa kabatini kwake kwa muda; kilipotoka tena, kilikuwa kwa msiba wa wengine. Ule mlango wa moyo haukupona, na hatukudanganyana. Mama alipata Krismasi nyingine kadhaa, zote zenye kiti kando ya mlango, kisha mwaka mmoja, mwezi wa kawaida usio na sikukuu yoyote, moyo ulichoka.

Leo Arusha imepanda juu mpaka karibu kuigusa migomba ya Bibi, na Krismasi inanunuliwa dukani imefungwa tayari, mti, taa na theluji yake. Moyo kama wa Mama huonekana kwenye kioo cha mashine ukipiga, na wapo wanaosafiri kwenda kutengenezewa wakarudi. Hata hivyo, hapa ninapoishi, bado nakutana na watu walioacha chumvi kwa utiifu mkubwa huku wakimimina supu za pakiti na viungo vya unga, na kila mara nakaa nao chini, nawaomba wanitajie kila kitu kinachoingia kwenye sufuria, hata kile wanachokiona si kitu. Hilo naliweza. Kuna jambo jingine ambalo sijaliweza. Binti yangu amekua, anaizunguka meza ninapomenya ndizi, ananiomba nimfundishe, nami namtuma dukani. Namwambia kuna muda. Yeye hunidhania mchoyo wa jiko langu, na sijawahi kumweleza nyumbani kwetu kufundishwa kulikuwa na maana gani. Desemba hii, nikipanda ngazi na kapu la sokoni, nilisimama katikati kupumua, jambo ambalo sikulizoea. Nilipofika juu nilivuta kiti, nikaweka ndizi na kisu mezani, nikamwita. Alikuja mbio, amefurahi, akaosha mikono bila kuambiwa. "Haya, Mama," akasema, "naanza na ipi?"