Chumba cha Malkia

Gemu la mwanangu likipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, na harufu hiyo hunirudisha chumbani kwa mama, Ukunda, dirisha limefungwa, joto la kaskazi limetubana.

Mama alikuwa akikaa eda ya baba. Kwa kuwa alikuwa mjamzito, eda ingekwisha siku atakapojifungua, nami nilimwonea hasira mtoto yule kwa kuchelewa. Televisheni ilikuwa humo humo, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulicheza miguuni pake, bila sauti, kwa ajili ya msiba. Gemu lenyewe baba alipewa na mgeni wa hoteli ya ufuoni Galu alikokuwa akifanya kazi.

Siku hiyo askari wetu alifika chumba cha mwisho cha gemu. Malkia wa wadudu alikuwa amelala, tumbo limejaa chumba kizima, akitaga mayai mfululizo.

"Hawezi kutoka," kaka akanieleza. "Tumbo limemzidi."

Mama, ambaye hakuwahi kugusa gemu, akanyoosha mkono. "Hebu nipe."

Nikampa kidude cha kuchezea. Hakupiga risasi hata moja. Alimtembeza askari wetu kando ya kuta, polepole, akikagua kila pembe.

"Mama, unatafuta nini?"

"Mlango."

"Mlango haufunguki mpaka malkia afe," kaka akasema.

Mama akatazama kioo cha televisheni muda mrefu, mkono mmoja juu ya tumbo. Kisha akanirudishia kidude.

"Basi zimeni, wanangu," akasema. "Naye apumzike."