Kahawa ya Shangazi Kwenye Kichupa cha Mate

Aibu hii nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini kwa kuwa mdogo wangu Koku ameshaitangaza kijijini kwetu Nshamba kote, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, bora niieleze mwenyewe niliyekuwepo.

Ilikuwa enzi za korona. Nilikuwa nasoma Ulaya, na bila cheti cha kupimwa hupandi ndege, na kupanda ilikuwa lazima, maana Koku alikuwa anaolewa Jumamosi na baba yetu ameshafariki, kwa hiyo wa kumshika mkono hadi altareni ni mimi kaka yake. Asubuhi ya safari nikaenda kupima. Unatema mate kwenye kichupa, basi, na ukutani wameandika usile chochote kabla. Sikula. Nilitafuna kahawa tu (sisi Wahaya tunaichemsha, tunaianika, tunaitafuna, mgeni akiingia ndiyo anayopewa kwanza, sasa tangu lini hicho kikaitwa chakula?), shangazi alinitumia pakiti nzima, na foleni ilikuwa ndefu.

Nikatema. Yakatoka mate ya kahawia yenye vipande.

Nesi akainua kichupa kwenye mwanga, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Umeanza lini kukohoa damu?"

Jamani! Foleni yote ikarudi nyuma, mama mmoja akabeba mtoto wake akatoka nje kabisa, na mimi badala ya kutulia nikaona nijitetee, nikachomoa kahawa mfukoni, nikashusha barakoa, nikaitafuna mbele yake ili aone. Hapo ndipo alipoita mlinzi.

Wakaniambia nirudi kesho. Ndege haikungoja. Koku alishikwa mkono na baba mdogo wa Miembeni, kavaa suti niliyoshonewa mimi, imembana tumbo, nami natazama kwenye simu picha inaganda kila dakika. Nililia, sifichi.

Nilifika nyumbani harusi imeshapoa. Shangazi akanipokea mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa.

"Karibu waitu, mtu wa kwetu. Tafuna kwanza, ndipo utueleze kilichokukwamisha."

Nikatafuna, ningefanyaje? Nikawaeleza mdomo umejaa. Walicheka mpaka shangazi akakaa chini.

Tangu hapo kahawa naifungia kwenye begi kubwa, haikai mfukoni. Kitinda mimba wetu bado hajaolewa, na siku ile ile alinivuta pembeni, wala hakuwa anacheka.

"Kaka," akasema, "harusi yangu mimi njoo na mdomo mtupu."